Shajara ya mradi: kufufua modi ya kimakanika ya shaba

Naiandika shajara hii kwa ajili ya mtu mwenye modi ya kimakanika iliyochoka, anayetaka kuirudisha kazini bila kubahatisha. Modi ya aina hii ni kifaa cha kuvuta mvuke (vepu): bomba la chuma, betri moja ya lithiamu ya saizi ya 18650 ndani yake, kitufe chini na atomaiza juu, yaani kichwa chenye koili (waya wa kupasha joto) inayogeuza kimiminika kuwa mvuke. Haina saketi. Hakuna chipu ya kukata umeme shoti ikitokea, wala taa ya kuonyesha betri imeisha. Ukibonyeza, nguvu yote ya betri inakwenda kwenye koili, na kinachoizuia isikudhuru ni hesabu yako na usafi wa chuma chako. Ndiyo sababu naandika namba kila hatua.

Mimi niliacha sigara kwa njia ya mvuke. Asiyevuta chochote asianzie hapa.

5 Oktoba 2024: Imefika

Nimeinunua mkononi kwa mtu hapa Uingereza kwa pauni 85. Ni kazi ya karakana ndogo ya Ugiriki: mwili wa shaba ya njano, pini na kitufe vya shaba nyekundu. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Wagiriki walikuwa miongoni mwa mafundi walioheshimika sana katika fani hii, pamoja na Wafilipino. Modi ya Nemesis ya Atmomixani, kwa mfano, ilipendwa kiasi kwamba viwanda vya Shenzhen vilitoa nakala zake kwa wingi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ni kama kilichomo mkononi ni halisi. Namba iliyochongwa chini si ushahidi wa kutosha, maana nakala nazo huchongwa namba. Mimi hutazama hesi, yaani mifereji ya kufungia kwa kuzungusha. Kwenye kazi halisi, hesi hushika tangu mzunguko wa kwanza, huenda laini hadi mwisho na husimama bila kuyumba. Hizi zimechafuka lakini zimekatwa vizuri sana.

Hali yake: bomba limekuwa jeusi kwa nje, hesi za chini zinakwaruza, kitufe kinakwama ukikibonyeza kwa pembeni. Matundu ya kutolea gesi yapo mawili chini. Moja limezibwa na uchafu uliokauka ukawa kama nta. Nimelizibua leo hii kwa kijiti cha mbao kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Naeleza haraka kwa nini. Betri ya lithiamu ikipata shoti inapata joto, inatoa gesi, na gesi hiyo lazima ipate pa kutokea. Isipopata, bomba linageuka bunduki. Mei 2018 mtu mmoja alifariki St. Petersburg, Florida, kifaa chake kilipolipuka. Januari 2019 huko Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya kipande cha chuma kukata mshipa mkuu wa shingo. Yeyote anayekuuzia modi isiyo na matundu, mrudishie.

6 Oktoba: Kifuniko nilichokiweka kando

Modi imekuja na vifuniko viwili vya juu. Cha kwanza ni cha kawaida: kina pini yake ya kati ya shaba, imezungukwa na kihami cha plastiki, na atomaiza inagusa pini hiyo. Cha pili ni kile wanachokiita haibridi: hakina pini. Pini ya atomaiza yenyewe inashuka na kugusa kichwa cha betri moja kwa moja. Wapenda nguvu wanakisifu kwa sababu kinapunguza sehemu moja ya kupoteza umeme.

Sitakitumia, na naomba anayefuata kazi hii asikitumie. Ukingo wa juu wa betri, milimita chache tu kutoka kwenye chanya, ni hasi. Kinachovitenga ni pete nyembamba na ganda la plastiki. Kwenye haibridi, pini ya atomaiza isipotokeza vya kutosha kupita hesi zake, hesi (ambazo ni hasi) zinalalia kichwa cha betri. Ukibonyeza hapo, koili haihusiki tena. Umetengeneza shoti kamili. Atomaiza nyingi zimetengenezwa kwa kuunganishwa na modi za kielektroniki, na pini zake zimekaa sawa na hesi. Faida ya kifuniko hicho ni milivolti chache, na mbele utaona milivolti hizo zinapatikana kwingine.

13 Oktoba: Kipimo cha kwanza

Betri: Samsung 25R mbili mpya, pauni 12 zote. Kila moja ni mAh 2,500 (kiasi cha umeme inachohifadhi) na inaruhusiwa kutoa ampea 20 mfululizo. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, ni uongo mtupu. Pima uzito, ya kweli huwa kama gramu 45.

Koili: waya wa Kanthal (aloi ya kupasha joto) wa geji 24, yaani milimita 0.51, mizunguko saba juu ya kijiti cha milimita 3. Hesabu inatoa omu 0.61, na kipima omu kimesoma 0.6. Betri iliyojaa ni volti 4.2. Gawanya kwa 0.6 unapata ampea 7. Betri yangu inahimili 20, kwa hiyo niko mbali na ukingo, na nataka nibaki mbali. Wanaoshindana kutoa mawingu hujenga koili za omu 0.1, ambazo kwa volti 4.2 zinadai ampea 42. Hakuna 18650 iliyotengenezwa kutoa hizo mfululizo.

Betri ikiwa imetulia: volti 4.17. Kwenye nguzo za atomaiza, pale miguu ya koili inapofungwa, kitufe kikiwa kimebonyezwa: volti 3.43. Volti 0.74 zimepotea njiani. Kwa mkondo wa ampea 5.7, huo ni ukinzani wa karibu omu 0.13. Betri yenyewe inachukua kama 0.02. Zilizobaki, 0.11, ni za modi, na zinageuka joto la karibu wati 3.6. Nimelisikia joto hilo kwa kidole: liko chini, kwenye kitufe.

Modi inayopata joto kwenye kitufe haivutwi. Nimeifungua na kutoa betri.

27 Oktoba: Kwa Mjomba

Nilijaribu kutafuta ukinzani ulipo kwa kutumia mita ya kawaida upande wa omu. Namba zilikuwa zinarukaruka: 0.3, 0.2, 0.4. Ukigusanisha tu ncha za mita zenyewe zinasoma 0.2. Haifai kabisa kwa kazi hii.

Hapa Leicester yupo mzee wa Mombasa ambaye zamani alikuwa fundi wa mashine ya kukereza bandarini, na gereji yake bado ina mashine ndogo ya kukerezea. Nilimpelekea. Baada ya shikamoo na chai alinitazama nikipima, akauliza, "Mwanangu, wapima nini hapo? Wapima waya zako mwenyewe."

"Sasa nifanyeje, Mjomba?"

"Pitisha umeme mwingi, kisha pima volti inayoanguka kila mahali pa kugusana. Omu usiitafute; yatoka yenyewe kwa hesabu."

Alichukua chuma cha kawaida akakikereza kikawa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, saizi ileile ya betri. Hiyo ndiyo zana iliyobeba mradi wote. Unaiweka ndani ya modi badala ya betri. Kwa kifuniko cha juu unafunga atomaiza ya zamani ambayo nguzo zake mbili zimeunganishwa na pawa saplai ya mezani, moja kwa chanya na nyingine kwa hasi, bila koili. Umeme unashuka kupitia pini, unapita kwenye chuma, unafika kwenye kitufe, unarudi juu kupitia bomba. Pawa saplai unaiwekea kikomo cha ampea 5. Hakuna betri, kwa hiyo hakuna cha kulipuka, na unaweza kupima kwa utulivu.

Kwa ampea 5, kila milivolti 5 ni sawa na omu 0.001. Matokeo:

Pini ya kati, milivolti 70. Hesi za juu, 50. Hesi za chini, 60. Kitufe, 370. Jumla 550, ambayo ni omu 0.11 kamili. Hesabu ya nyumbani na ya gereji zimekubaliana, na hapo nilijua nimepata njia ya kufuata.

10 Novemba: Kusafisha

Watu wengi wanapendekeza siki na chumvi. Kwa shaba nyekundu ni dawa nzuri. Pini imetoka inang'aa. Kwa shaba ya njano ni tatizo. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi yenye chumvi hutangulia kula zinki ya juu, ikaacha ngozi ya rangi ya waridi. Nilijaribu kwanza kwenye pete ya kufungia kitufe, kwa kuwa ndiyo rahisi kubadilishwa, na ikatoka na mabaka ya waridi. Hayo hayaoshwi. Yanaondolewa kwa kung'arisha tu, na Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, iliyafuta bila shida kwa nje. Ndani ya hesi Brasso siiweki, maana unga wake unabaki mabondeni na kuwa kizuizi kipya.

Kilichofaa kwa bomba: kijiko cha asidi ya sitriki katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, bila chumvi, dakika mbili tatu huku unasugua kwa mswaki, kisha maji mengi, kisha spiriti ya isopropili, kisha kukausha. Ukiiacha muda mrefu nayo italeta waridi. Hesi nilizipitishia uzi wa pamba uliolowa spiriti, mzunguko mmoja baada ya mwingine, hadi uzi ulipotoka mweupe. Kazi hii haina njia ya mkato.

Kipimo: pini 15, hesi za juu 15, hesi za chini 15, kitufe 310. Jumla 355. Viungio vya hesi vimepona. Kitufe bado.

17 Novemba: Grisi ya kupitisha umeme

Nilinunua grisi yenye unga wa chuma kwa pauni 11, ile mafundi umeme wanayopaka kwenye viungio. Siku ya kwanza ilishusha kitufe kutoka 310 hadi 260. Baada ya wiki ya kubonyezwa ikawa nyeusi, ikashika vumbi, na kipimo kikapanda hadi 390, kibaya kuliko mwanzo. Tena inatambaa. Grisi inayopitisha umeme ikitambaa hadi kwenye kihami cha plastiki cha pini ya juu, imejenga daraja kati ya chanya na hasi. Nimeisafisha yote na kuitupa. Hesi za modi hii sasa zinakaa kavu.

1 Desemba: Ndani ya kitufe

Nimekifungua. Muundo wake ni wa kawaida: kitufe cha shaba kinateleza ndani ya tundu la shaba ya njano, springi inakisukuma chini, pete inakifunga kisibonyezeke mfukoni. Ukibonyeza, ncha ya kitufe inagusa hasi ya betri. Kutoka hapo umeme una njia mbili za kufika kwenye bomba: kupitia mbavu za kitufe zinazogusa tundu, au kupitia springi.

Vernia, kifaa cha kupimia vipenyo, imeeleza mambo yote. Tundu ni milimita 12.00. Kitufe ni 11.70. Kimelika kwa miaka ya kubonyezwa, na sasa kinagusa upande mmoja tu. Kwa hiyo umeme mwingi ulikuwa unapita kwenye springi, waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, ambao ni kipitishi dhaifu. Springi ilikuwa na rangi ya zambarau, alama ya kuwa imeshapata joto kali, na imefupika. Springi ikilegea kabisa kitufe hakirudi, na modi inabaki inawaka yenyewe. Modi kadhaa za zamani zilitumia udhaifu huohuo kama kinga: springi iliwekwa mahali ambapo ikipata joto la shoti inasinyaa na betri inaachana na kitufe. Hapa imekaa mahali ambapo ikisinyaa, betri haiachwi.

Kuanzia leo lengo ni moja: springi isukume tu, isibebe umeme.

8 Desemba: Sumaku

Njia inayopendwa ni kuondoa springi na kuweka sumaku mbili za neodimi zinazosukumana. Nilinunua za pauni 4. Zinabonyezeka laini mno, na zilinipendeza sana mkononi.

Kisha niliweka kile chuma cha Mjomba ndani. Sumaku ya juu ilikivuta, na kitufe kikapanda kidogo kuelekea juu bila kuguswa. Hilo lina maana kubwa: kopo la 18650 nalo ni chuma kilichopakwa nikeli, linavutwa na sumaku vilevile. Nafasi kati ya kitufe na betri, ambayo ndiyo usalama wako wote kifaa kikiwa mezani, ilishuka kutoka milimita 1.2 hadi kama nusu. Betri fupi kidogo au ndefu kidogo, au modi ikisimamishwa wima, na inaweza kugusa. Isitoshe, neodimi ya kawaida inaanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 za selsiasi, na ikipoteza nguvu kitufe hakirudi.

Wapo wenye modi zilizobuniwa kwa sumaku tangu mwanzo, zenye nafasi ya kutosha, na zinafanya kazi vizuri. Hii haikubuniwa hivyo. Sumaku nimezitoa.

11 Januari 2025: Kitufe kipya cha shaba nyekundu

Nilinunua kipande cha shaba nyekundu kwa pauni 9 na fimbo ya Delrin, plastiki ngumu isiyopitisha umeme, kwa pauni 5. Mjomba alikereza kitufe cha milimita 11.95, na kutoka kwenye Delrin akakata pete ya kuweka chini ya springi na nyingine juu yake, ili springi isiguse chuma popote. Delrin inayeyuka karibu nyuzi 175. Kifaa kikifika huko, pete ya plastiki haitakuwa tatizo lako kubwa. Springi mpya nimechagua kutoka boksi la mchanganyiko la pauni 6. Malipo Mjomba alikataa katakata, akakubali halua.

Kipimo: kitufe 80, jumla 125. Kwa betri na koili ileile, nguzo zimesoma volti 3.88. Joto limepotea.

Lakini namba haitulii. Ukibonyeza katikati ni 80. Ukibonyeza kwa pembeni, kama kidole gumba kinavyobonyeza kikawaida, inaruka hadi 200 na kurudi. Kitu cha duara ndani ya tundu la duara, hata kikibana, hugusa kwenye mstari mmoja, na mstari huo unahama kila kidole kinapoegemea.

22 Februari: Sketi iliyochanjwa

Wazo lilitoka kwenye plagi za ndizi za vifaa vya muziki: ncha yake imechanjwa na kupanuliwa kidogo, ikiingia kwenye tundu inajisukuma nje yenyewe na kugusa pande zote. Mjomba alitoboa kitufe upande wa chini kikawa na ukuta mwembamba kama sketi, akakichanja kwa msumeno mifuo minne, tukaupanua ukuta kidogo kwa kijiti chenye ncha ya koni.

Kitufe 35. Kinatulia hata ukikibonyeza kwa pembeni. Tulifurahi wote wawili, na Mjomba akataka kukiona kikivuta moshi; nikamweleza ni mvuke.

29 Machi: Shaba nyekundu imechoka

Kipimo kimepanda hadi 90. Nimetoa kitufe na kukipima: sketi iliyokuwa 12.15 ikiwa huru, sasa ni 11.98. Shaba nyekundu safi hupitisha umeme vizuri kuliko karibu kila chuma isipokuwa fedha, lakini ni laini. Ukiikunja inakaa ulikoikunja. Tuliipanua tena, ikarudi 35, na baada ya wiki mbili ikawa 80. Haitadumu hivyo.

Dawa yake ni bronzi ya fosforasi, yaani shaba yenye bati kiasi na fosforasi kidogo sana. Inapitisha umeme kwa kiwango cha chini zaidi, ila ina uspringi. Viungio vingi vya umeme vinavyochomekwa na kuchomolewa vimetengenezwa kwa bronzi hii kwa sababu hiyo. Fimbo fupi imenigharimu pauni 14.

26 Aprili: Kitufe cha bronzi

Kitufe 25 kikiwa kipya, hesi na pini 15 kila moja. Jumla 70. Ni kizuri hata kuliko shaba, ingawa chuma chenyewe ni kipitishi dhaifu zaidi, kwa sababu kinabana kwa nguvu zaidi. Kwenye kiungio, mgandamizo unashinda aina ya chuma.

Betri 4.17, koili 0.6, nguzo 3.95. Kutoka wati 19.6 hadi 26, kwa betri ileile na waya uleule. Ladha imebadilika sana: koili inawaka papo hapo, badala ya kusubiri.

14 Juni: Betri na safari

Hapa Uingereza vepu za kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 mwezi huu, na jamaa kadhaa wameniuliza kama modi ya kimakanika ingewafaa badala yake. Jibu langu ni hapana, si kwa kuanzia. Chukua kifaa cha kielektroniki chenye kinga zake. Cha kimakanika ni cha mtu anayejua kupima koili na anayependa kufanya hivyo kila mara.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ganda la betri. Kopo lote la 18650, ubavu, chini na ukingo wa juu, ni hasi. Ndani ya modi hii bomba linapata hasi pale tu unapobonyeza. Ganda likichanika ubavuni, kopo linagusa bomba moja kwa moja na kitufe hakina kazi tena: koili inawaka hadi betri iishe, na pete ya kufungia haitasaidia chochote. Likichanika juu karibu na chanya ni shoti. Maganda ya kubadilishia ni pauni 3 kwa pakiti, yanasinyaa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache. Leo nimebadilisha moja lenye mkwaruzo mdogo kuliko ukucha.

Betri naitoa ikifika volti 3.6 ikiwa imetulia. Kwa kuwa hakuna chipu ya kuniambia, nimezoea kusikiliza: mvuke ukipungua, naipima. Inachajiwa kwenye chaja ya nje, kamwe si ndani ya kitu kingine, na inatembea kwenye kiboksi cha plastiki, maana funguo mfukoni zinatosha kuleta shoti.

Kwa wanaosafiri: kifaa na betri vinakaa kwenye mzigo wa mkononi, haviruhusiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na angalia sheria ya unakokwenda. Uganda imepiga marufuku kuuza na kuingiza vifaa hivi kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015. Oman nako ni marufuku. Falme za Kiarabu ziliruhusu kuuzwa mwaka 2019. Ndugu anayepitia Dubai kwenda Muscat asidhani sheria ni moja.

5 Oktoba: Hali ilivyo sasa

Kitufe 28, jumla 76. Sketi ya bronzi ikiwa huru ni 12.13, kutoka 12.15. Inashikilia.

Matunzo yamekuwa mepesi. Kila ninapobadilisha pamba ya kunyonya kimiminika kwenye koili nafuta pini na ncha ya kitufe kwa spiriti. Kila mwezi nafungua yote, napitisha uzi kwenye hesi, natazama matundu ya gesi dhidi ya mwanga. Kila koili mpya inapimwa kwenye kipima omu kabla ya kuwekwa kwenye modi, na tena baada ya kukaza skrubu, kwa sababu mguu wa waya ukigusa ukuta wa atomaiza hutaona kwa macho. Rangi ya nje nimeiacha iwe nyeusi. Nyeusi ya nje haina madhara, kinachohesabika ni mahali chuma kinapogusa chuma.

Gharama kwa pauni: modi 85, chaja 20, vernia 15, bronzi 14, betri 12, grisi 11 (imetupwa), shaba 9 (imeachwa), waya na pamba 9, spiriti 7, springi 6, Delrin 5, asidi ya sitriki 4, sumaku 4 (zimeachwa), maganda 3. Jumla 204. Mita, atomaiza na kipima omu nilikuwa navyo. Ukiruka majaribio yaliyoshindwa unaokoa 24.

Vipimo vya kitufe kwa anayetaka kukereza chake, kwa tundu la milimita 12.00: mwili 11.95; tundu la chini kipenyo 10.0 na kina 6, linaloacha ukuta wa karibu milimita moja; mifuo minne ya upana 0.8 na kina 6. Sketi ipanuliwe hadi 12.15 ikiwa huru. Pete za Delrin unene 1.5, chini na juu ya springi. Nafasi kati ya ncha ya kitufe na betri, kitufe kikiwa huru, isipungue 1.2, na uipime kwa betri ndefu kuliko zote ulizo nazo. Kingo zote za mifuo zilainishwe kwa msasa wa 600 kabla ya kuingizwa, la sivyo zitakwangua tundu.